Kasoro na Kasorobo

11 Februari

Mwanangu Bobini,

Marahaba. Najua hujanisalimu bado, lakini shikamoo yako huwa inachelewa, kwa hiyo nimeitikia kabisa tusipoteze muda. Sisi huku hatujambo. Bibi Kola hajambo, mguu umepungua kuvimba na mdomo haujapungua kitu. Paa la duka tulilipaka lami pale juu ya meza ya kukatia, sasa linavuja juu ya kiti cha wateja, na hiyo ni nafuu. Mjomba wako kinyozi ameoa tena na amehamia kwa mke, siku mbili kwa basi. Mke naye ni kinyozi. Sijui nani atamnyoa nani.

Nije kwenye mashine yako. Ile kompyuta uliyotuachia Desemba ilikuwa na adabu ulipokuwepo, ukiandika jina la mtu inakubali, ukiandika jingine inakubali. Ulipoondoka imeota mapembe. Tumepata kazi ya makoti ya hospitali, kila mfanyakazi kwa kipimo chake, na hospitali wanataka karatasi iliyochapwa, hawataki mwandiko wangu. Wa kwanza kupimwa alikuwa kifua thelathini na sita. Nikataja, Bibi Kola akaandika 36 kwa kile kidole chake kimoja. Mashine ilitakiwa iongeze inchi mbili za kupumulia, itoe 38. Imetoa 362.

Mwanangu, koti la inchi mia tatu sitini na mbili ni turubai. Bibi Kola alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja, akalowa. Mimi sikucheka sana, maana kazi hii ya hospitali ndiyo inayolipa pango la mwaka mzima, na wakiona karatasi ya namna hiyo watatafuta fundi mwingine.

Tengeneza. Usipige simu ya duka, iko mezani kwa Bibi Kola na wateja wana masikio. Andika. Na usishangae herufi zangu kuwa kubwa, kalamu niliyopata ni nene.

Unakuja lini?

Mama yako Mdogo


27 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo, ingawa umeshaitikia. Mimi sijambo. Kazi ghalani inaendelea, nahesabu magunia yanayoingia na mwenzangu anahesabu yanayotoka, jioni tunabishana. Masomo ya programu baada ya kazi pia yanaendelea. Mwalimu wetu tumempa jina la Mwalimu Mabano kwa sababu hamalizi sentensi bila kufungua mabano, na mara nyingi anasahau kuyafunga. Mjomba mpe hongera zangu.

Kuhusu 362. Kosa ni langu, si la Bibi Kola. Kompyuta haijui kwamba 36 ni namba. Chochote kinachoandikwa kwenye kibodi inakipokea kama maandishi, sawasawa na jina la mtu. Kwake 36 ni mchoro wa tatu na mchoro wa sita vilivyokaa jirani. Nikaiambia iongeze 2. Maandishi hayajumlishiki, yanaunganishwa tu, kwa hiyo ikaichukua 2 ikaishonea mwishoni. Kwa lugha ya duka, nilitaka ijumlishe, yenyewe ikatia kiraka. Ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza, Mwalimu Mabano anasema.

Dawa yake ni fupi. Kabla ya hesabu nimeiagiza iyageuze maandishi kuwa namba. Programu mpya iko kwenye flashi, nimempa yule muuza nyuzi anayepita kwenu. Bibi Kola aichomeke ubavuni kama nilivyomwonyesha.

Jambo la pili. Desemba nilikuona unatunga uzi mlangoni, kwenye jua kali, na tundu la sindano ulilikosa na kulikosa. Ulisema sindano za siku hizi zina matundu madogo. Sindano ni zilezile. Mwenye duka lile ni tepu yako ya kupimia, siku ukishindwa kuisoma hakuna makoti ya hospitali wala duka. Umekwenda kwa daktari wa macho? Nijibu ndiyo au hapana. Maneno mengine yafuate baadaye.

Kuja, nitakuja mambo yakikaa sawa.

Ni hayo tu.

Bobini


30 Machi

Mwanangu Bobini,

Marahaba. Barua yako imefika ndani ya katoni ya nyuzi nyeupe, pamoja na hiyo flashi, salama. Na mimi nakukumbuka sana, mwanangu. Umenifurahisha kuliandika hilo, maana sehemu nyingine yote ya barua ilikuwa kama maelekezo ya dawa.

Huku mvua zimeanza. Mwenye nyumba alikuja kutazama paa, akatazama, akaenda zake, akisema ameliona. Bibi Kola alimwambia hata sisi tumeliona, tena bila ngazi. Mjomba wako ameandika kwamba mke mpya anamnyoa vizuri.

Kiraka kimetoka. Thelathini na sita sasa inazaa thelathini na nane, na Bibi Kola amekusifu. Lakini mashine imepata ugonjwa mwingine, inazimia. Unajua tunavyofanya kazi. Mimi napima na kutaja, Bibi Kola anaandika anachosikia. Aliishi na karani wa mahakama mpaka Mungu alipomchukua marehemu, kwa hiyo anaandika neno kwa neno, haongezi, hapunguzi. Nikitaja thelathini na sita na nusu, anaandika "36 na nusu", mashine inazimia. Nikitaja arubaini na kitu, anaandika "40 na kitu", inazimia. Juzi nilimpima dereva wa gari la wagonjwa, nikasema thelathini na nne, au na sita. Bibi Kola akaandika hivyohivyo pamoja na ile "au". Ikazimia. Muuguzi mmoja alikataa kupimwa, akasema kipimo chake ni kama cha mwaka jana, na "kama cha mwaka jana" ikaingia kwenye kompyuta.

Kila ikizimia inatoa mistari ya Kiingereza mirefu, na vipimo vya asubuhi nzima vinapotea navyo. Tunawaita watu upya. Watu wazima na vyeo vyao tunawanyoosha mikono mara ya pili, na kila mmoja anatoka na maneno yake.

Umeniuliza habari za macho. Macho yapo, moja kila upande wa pua, kama ulivyoyaacha. Nami nilikuuliza unakuja lini, ukanijibu mambo yakikaa sawa. Mambo si mwezi, mwanangu. Nimetazama kalenda ya ukutani toka juu mpaka chini, hayamo.

Mama yako Mdogo


14 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sijambo. Chumba nimehama, cha sasa kina dirisha linalofunguka. Ghalani wameleta mizani mpya na kila mtu anajipima yeye kwanza.

Bibi Kola hana kosa. Mwalimu Mabano anasema mtumiaji hana kosa hata siku moja (isipokuwa akiimwagia kompyuta maji). Ukimuuliza mtu swali, atakujibu kwa anavyosema yeye, si kwa unavyotaka wewe. Aliyeuliza ndiye anayetakiwa kujiandaa.

Nikueleze nilivyoanza, uone. Niliiambia programu hivi, jaribu kuyageuza maandishi kuwa namba, ukishindwa weka sifuri uendelee. Ikaacha kuzimia. Nikampelekea Mwalimu Mabano kichwa kimenivimba. Akaandika "40 na kitu", ikapokea kimya, ikachapa koti la kifua inchi mbili. Akaniuliza koti hilo ni la panya gani. Kisha akaniambia neno ambalo limenikaa. Alisema programu inayozimia ina afadhali kuliko inayojaza pengo kwa kitu ambacho mtu hakukisema. Ya kwanza inakutaabisha. Ya pili inakudanganya, nawe umetulia.

Kwa hiyo sasa haizimii, wala haijazi. Ikipata isichokielewa inaandika KASORO. ANDIKA NAMBA TU. Halafu inauliza tena, na tena, mpaka ipate namba. Vipimo vilivyotangulia vinabaki salama. Nusu Bibi Kola aiandike kwa nukta, 36.5. Flashi anayo muuza nyuzi.

Sasa hili la dereva. Thelathini na nne, au na sita. Mama Mdogo, tepu haina "au". Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa nimekaa chini ya meza nakuzungushia bobini, kwamba tepu imewekwa mistari ili fundi asibuni. Na hiyo "na kitu" ni kitu gani? Huioni mistari? Swali langu la Februari bado liko palepale. Ndiyo au hapana.

Kuja, bado naangalia.

Ni hayo tu.

Bobini


19 Mei

Mwanangu Bobini,

Marahaba. Nimekawia, na sababu utaiona mbele. Hata sisi hakuna siku inayopita bila kukutaja, kama unavyosema wewe. Mvua zimekatika. Mwenye nyumba ameleta bati moja, kaliegemeza ukutani, sijui anasubiri lipande lenyewe.

Nianze na la kuchekesha. Tulikuwa tunampima mpishi wa hospitali, kifua arubaini kasorobo. Nikataja, Bibi Kola akaandika "40 kasorobo". Mashine ikajibu KASORO.

Bibi Kola akaniambia, "Mama, imesikia nusunusu. Inauliza kasoro ngapi."

"Mjibu basi."

Akaandika robo. Ikasema KASORO. Akaandika robo tena. KASORO. Akaandika "robo, umesikia?" na hilo nalo likaingia kama lilivyo. Mpishi wa watu yuko katikati ya duka, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Mwisho Bibi Kola akasukuma kiti, akasema mashine hii ni kiziwi na ni mbishi, ingefaa kuwa mume. Ni siku ya pili ndipo tulipoelewa kwamba kasoro yako ni ya kosa na kasoro yetu ni ya kupungua. Mashine ilikuwa inatukaripia, sisi tunadhani inatuhudumia.

Sasa lisilochekesha. Matroni wa hospitali nilimpima kwa utaratibu, kwa sababu ni mkubwa wa cheo na wa umbo. Nikataja arubaini na tatu. Bibi Kola akaandika 43. Mashine haikusema kasoro, na kwa nini iseme? Namba ilikuwa namba. Tukakata, tukashona, Bibi Kola akaweka kola iliyosimama vizuri kabisa. Siku ya kujaribu, vifungo vilikuwa upande mmoja, matundu upande wa pili, na Matroni katikati. Akaichukua tepu mkononi mwangu akajipima mwenyewe. Arubaini na nane.

Hakugomba. Alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Mama, wewe si ndiye uliyeambiwa urudi mwezi wa tatu?" Mbele ya Bibi Kola, na mbele ya wateja.

Basi jibu lako ni ndiyo. Nilikwenda kwa daktari wa macho kabla hujaniuliza, mwanzoni mwa Februari. Amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Maisha yangu yote nimelea mtoto mmoja, wa marehemu dada yangu, naye yuko mbali anahesabu magunia. Hawa wawili wamekuja wenyewe uzeeni bila kualikwa, na hawatoki mpaka wapasuliwe. Madaktari wa macho wapo pale hospitali mpaka mwisho wa Juni, wakiondoka ni mpaka mwakani. Makoti yaliyobaki hospitali wamesema yasubiri kidogo. Mpaka mwakani hawatasubiri, na mimi singewalaumu.

Sijaamua.

Mama yako Mdogo

Nyongeza. Mimi ni Bibi Kola, mwenyewe ametoka kununua vifungo. Barua zako namsomea mimi tangu ile ya kwanza, herufi ndogo hazioni tena. Zake anaandika kwa kupapasa ukingo wa karatasi. Daktari amesema aje na ndugu, kwa kuwa siku ile jicho linafungwa na mtu harudi nyumbani peke yake. Nilimwambia mimi nitakwenda naye. Akasema hapana, anasubiri. Sikumuuliza anamsubiri nani, sijafika huko kwa ujinga. Bahasha naifunga mimi, kwa hiyo hili hajui.


2 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Bibi Kola.

Nimekasirika. Barua yako nimeisoma ghalani, nikasahau hesabu ya lori zima, tukalishusha na kulihesabu upya, na mwenzangu hajaninunia hivyo tangu tufahamiane. Toka Februari unajua, halafu unaniandikia moja kila upande wa pua.

Nimalize ya programu kwanza, kichwa kipoe. Neno KASORO nimelitoa, sasa inasema SIJAELEWA, RUDIA. Kasorobo nimeifundisha. Ikikuta namba na kasorobo inapunguza robo, ikikuta na nusu inaongeza nusu. Mwalimu Mabano alisema kazi yangu ni kumzoeza mtumiaji aandike namba tupu. Nikamwambia watu wangu walikuwa wanasema kasorobo kabla kompyuta haijazaliwa, nayo ndiyo mgeni, ijifunze. Alifungua mabano, akakosa la kuweka ndani.

Ile 43 ya Matroni sina dawa yake. Nimeweza kuiambia ikatae kifua cha inchi mbili au cha mia tatu, lakini 43 ni kifua halali cha mtu mwingine. Hakuna programu itakayoikamata. Pale panatakiwa jicho.

Sasa nikwambie ambalo sijakwambia. Likizo ninayo tangu Aprili. Nimekuwa nikiogopa kuja. Nikija nikakukuta huoni sitaweza kukuacha hapo nikarudi, na nilijiambia kwamba maadamu sijaja, basi unaona. Nikiandika hivi naona lilivyo la kijinga, lakini nimeishi nalo miezi yote hii.

Usiamue peke yako. Nitakuja mwezi huu, mambo yakiruhusu.

Ni hayo tu.

Bobini


11 Juni

KASORO. ANDIKA TAREHE TU.

Mama yako Mdogo


16 Juni

24 Juni. Saa nne kasorobo asubuhi, mlangoni pa duka.

Bobini


3 Septemba

Mwanangu Bobini,

Marahaba. Unaona herufi zimepungua? Kalamu ni ileile nene.

Tumerudi kwenye mambo yetu. Bati limepanda, alilipandisha mpishi wa hospitali siku alipokuja kuchukua koti, akasema amechoka kukaa panapovuja. Mjomba wako amegombana na mke, wamepatana, na kwa muda wote huo alikuwa na nywele ndefu. Makoti yote yamekwenda hospitali na karatasi zake. Koti la mpishi Bibi Kola aliliandika "40 kasorobo" kwa makusudi, anaitazama mashine kwa jicho la ugomvi. Ikatoa 41.75. Akaipigapiga mgongoni, akaiambia afadhali umekua. Matroni naye amefunga vifungo vyote, akakaa, akasimama, akakaa tena, kuhakikisha.

Jicho la kulia ni zima. La kushoto ni mwakani, na tarehe yake nitakutumia mapema, uiombee likizo. Daktari aliniuliza naonaje, nikamjibu vizuri kasorobo, akaandika kitu kirefu kwenye faili. Tepu naisoma mwenyewe. Mistari yote ipo, hata ile midogo niliyodhani kiwanda kimeacha kuichapa.

Siku ile walipofungua bandeji na wewe umekaa mbele yangu, nilikwambia shati lako limekatwa ovyo mabegani. Ni kweli limekatwa ovyo. Lakini nilikuwa nimeuona uso wako, na uso wako una mikunjo ambayo sikujua imeingia lini, na nikashindwa kusema hilo. Nikasema la shati.

Sasa nina neno. Juzi duka lilikuwa kimya, nikazitoa barua zako zote kwenye kopo la vifungo nikazisoma mwenyewe, kwa hili jicho jipya. Bibi Kola alipokuwa akinisomea, kila barua iliishia hivi, "Nakukumbuka kila siku, Mama Mdogo, na nakupenda." Ndiyo sehemu niliyokuwa nikiisubiri. Mashine na maandishi na namba nilivumilia tu mpaka ifike. Nimeitafuta. Nimegeuza karatasi mbele na nyuma, nimetazama pembeni. Kila barua inaishia "Ni hayo tu," isipokuwa ile ya tarehe, ambayo haina hata hilo.

Nikamuuliza Bibi Kola. Hakubisha. Alikuwa anageuza kola, akaendelea kuigeuza.

"Palikuwa na nafasi," akasema. "Nilijua alichotaka kukiandika, nikajaza."

"Wewe si huongezi neno wala hupunguzi?"

"Hiyo ni ya mahakamani."

Nikamwambia yule mwalimu wa mabano amesema anayejaza pengo kwa kitu ambacho mtu hakukisema ni mwongo, tena mwongo mbaya, kwa sababu anakudanganya nawe umetulia. Maneno hayo alinisomea yeye Bibi Kola mwenyewe. Akaiweka kola chini.

"Huyo mwalimu," akasema, "hajawahi kumsomea mtu barua huku anamtazama usoni."

Sikumkasirikia. Wewe pia sikukukasirikia, mwanangu. Ulikuja tarehe uliyosema na saa uliyosema, ukanishika mkono toka hospitali mpaka nyumbani, kila jiwe ukilitaja kabla sijalikanyaga. Mimi si mjinga, hayo najua ni maandishi ya namna yake. Ila nililia, kisha nikaogopa, maana daktari amekataza kulilowesha jicho.

Lakini sasa naona. Barua zako nitazisoma mwenyewe, na hakuna atakayenijazia tena. Mwisho wa barua yako ijayo pana nafasi, baada ya mashine na ghala na habari za mwalimu wako. Ukiandika ni hayo tu, nitauliza tena, na tena.

Mama yako Mdogo